Tamari asomwa madhabahuni Niboye

KATIKA kanisa ninalosali hapa Niboye, wilayani Kicukiro, bibi harusi haondoki bila kuusiwa maneno mawili ya Kinyarwanda: niko zubakwa. Yaani, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Akipigwa avumilie, mbona mama yake alivumilia. Waefeso sura ya 5 nayo husomwa mstari wa 22, unaomtaka mke atii. Wa 25, unaomdai mume upendo, ni nadra kuusikia.

Ndugu msomaji uliyerudi kutoka Uganda, Kongo au Tanzania, bila shaka wosia wa namna hiyo uliusikia na huko.

Majuzi mhubiri mgeni alifungua 2 Samweli sura ya 13. Kanisa likawa kimya. Tamari, binti wa mfalme Daudi, anatumwa na baba yake akampikie kaka yake wa baba mmoja, Amnoni, aliyejifanya mgonjwa. Huko anabakwa. Amnoni kila mtu anamlaani. Walionishtua ni wale wengine. Absalomu anamtaka dada yake anyamaze. Daudi anasikia, anakasirika sana, kisha hafanyi lolote. Mhubiri akawageukia wazee wa kanisa, akawauliza ni nyumba ngapi wamezisuluhisha kwa hasira ya Daudi.

Usomaji huo una historia. Kampeni ya Tamari ilianzia Afrika Kusini, na mwaka 2005 FECCLAHA, umoja wa mabaraza ya makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ukaileta kwa makanisa ya kanda yetu.

Wafanyabiashara wa mpakani wananielewa. Mama anavuka Rusizi kwenda Bukavu na nyanya zake. Akichelewa anaulizwa alikuwa na nani, akikataa kutoa faida anapigwa. Akimwendea mchungaji anaambiwa afunge na kuomba. Maombi ni mema, ila jeraha linataka kushonwa.

Mhubiri yule hakuishia kwenye amina. Alieleza kituo cha Isange, kilichofunguliwa Kacyiru Julai 2009, na huduma yake iliyofika baadaye hospitali za wilaya: daktari, mpelelezi na mshauri mahali pamoja, bila malipo. Akaitaja namba ya simu, 3512, mara mbili, polepole.

Mbele yangu kina mama watatu waliiandika pembeni mwa Biblia zao. Mmoja aliandika huku akiangalia upande wanakokaa wanaume.