Hati Safi, Udongo Mchafu

Anayenunua kiwanja cha biashara Jadida, hapa Wete, hukagua yanayojulikana: hati ya matumizi ya ardhi, mipaka, warithi wasije wakaibuka baadaye, na kibali cha Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, maana Zanzibar ardhi ni ya umma na kinachohamishwa ni haki ya kuitumia. Sheha huitwa, majirani hushuhudia. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: pale palikuwa na kazi gani?

Kama palikuwa na gereji, oili chafu imemwagwa chini kwa miaka. Tangi la mafuta lililofukiwa likishika kutu huvuja kimyakimya. Petroli na dizeli hushuka na mvua hadi kwenye maji ya ardhini. Na Pemba tunakunywa maji hayohayo, ya visima. Palipopasuliwa betri hali ni tofauti: risasi iliyomo ndani yake hushikamana na udongo wa juu, papo hapo watoto wanapocheza, na haiozi. Mtu anaweza kumwaga zege, akapaka rangi, akafungua duka la vyakula, na chini yake sumu ingalipo.

Wanaodhani haya ni ya viwanda vya Ulaya wawatazame jirani zetu wa Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, aligundua mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014, lakini udongo haukufungwa nacho. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo. Kilichonishtua zaidi ni orodha ya walioshitakiwa: zilikuwamo taasisi za serikali, kiwanda chenyewe, na pia kampuni iliyokikodishia kiwanja. Kumiliki ardhi na kuikodisha kulitosha kumfikisha mtu mahakamani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa arubuni, waulize wazee wa mtaa, si muuzaji peke yake. Tembea kiwanjani baada ya mvua ukitafuta utando wa rangirangi juu ya madimbwi, harufu ya mafuta, au kipande ambacho majani hayaoti hata masika. Chimba shimo uone udongo ulivyo. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ya udongo na ya maji ya kisima kilicho karibu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na uwaulize ZEMA, mamlaka ya mazingira, kama wana kumbukumbu ya eneo hilo. Kisha mwanasheria aandike katika mkataba matumizi yote ya zamani anayoyajua muuzaji, na kwamba akificha, gharama ya kusafisha ni yake. Muuzaji anayekataa kutia saini kipengele hicho, usimlipe.