Kuvu, mawe na amana ya misikiti ya kale

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa kikubwa na kidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Suratu Sabaa, aya ya 14, inatusimulia kifo cha Nabii Suleiman (A.S.). Majini waliendelea na kazi zao ngumu wakidhani yu hai, kumbe amekwisha kufariki huku ameegemea fimbo yake. Aliyefichua jambo hilo ni mdudu wa ardhini, aliyeila fimbo kidogo kidogo hata mwili ukaanguka. Tusidharau basi kiumbe kwa udogo wake. Leo tumtazame mwingine, ambaye hula kitu kigumu kuliko fimbo, nacho ni jiwe.

Kiumbe huyo ni kuvu, jamaa ya ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Mtu akiona madoa meusi juu ya jengo la kale, hudhani ni masizi au uchafu tu. Mwaka 1997 wanasayansi Katja Sterflinger na Wolfgang Krumbein walichapisha utafiti juu ya marumaru na mawe ya chokaa ya nchi za Bahari ya Mediterania. Walieleza kuwa kuvu nyeusi ni miongoni mwa sababu kuu za vishimo vinavyoyatoboa mawe hayo, na kwamba vishimo hivyo huweza kufikia sentimita 2 kwa upana na kwa kina.

Kuvu hizo huridhika na kidogo. Vumbi liletwalo na upepo na unyevu haba huzitosha, na rangi yao nyeusi, iitwayo melanini, huzikinga na jua kali. Nyuzi zao nyembamba hupenya baina ya chembe za jiwe na kuzisukuma zitengane. Aina nyingine za kuvu hutoa asidi inayoyeyusha chokaa.

Hata hivyo, Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Profesa Geoffrey Gadd wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, amechunguza kwa miaka mingi uhusiano wa kuvu na madini. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kuwa kuvu iitwayo Neurospora crassa, ikipewa urea na kalsiamu, hutengeneza kalsiamu kaboneti, yaani madini yaleyale ya chokaa na marumaru. Basi katika jamii hiyo ya viumbe wamo wanaobomoa jiwe na wamo wanaoweza kulijenga.

Haya yanatuhusu sisi watu wa pwani. Matumbawe yaliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na chokaa iliyoyaunga, ni kalsiamu kaboneti hiyohiyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Maandishi ya namna hiyo yakiliwa milimita chache tu, neno zima hupotea, wala hakuna fundi wa kulirudisha.

Katika Suratu Tawba, aya ya 18, kuimarisha misikiti kumetajwa kuwa ni kazi ya wenye kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Lakini nia njema bila elimu huweza kuharibu. Mara nyingi familia au kamati huchanga fedha, ikanunua saruji na brashi za waya, ikidhani inauhudumia msikiti wa mababu. Brashi hung'oa uso wa jiwe pamoja na doa. Saruji nayo huuzuia unyevu usitoke ukutani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, kisha lipu hubanduka na vipande vya jiwe.

Tuanze na maji, kwani bila unyevu kuvu haistawi. Tuzibe paa linalovuja, tuelekeze maji ya mvua mbali na kuta, na tukate miche ingali midogo. Palipobanduka, tupake lipu ya chokaa kama walivyofanya wazee. Na kabla ya kugusa maandishi au mihrabu, tuwaulize wataalamu wa mambo ya kale. Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo.

Msikiti wa kale ni wakfu. Aliyeutoa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na amana imebaki mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza kwa elimu na ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.