Unene, Homoni na Saratani za Akina Mama

Huku kwetu Mwanza mama akinenepa husifiwa kwamba ametunzwa. Akikonda, majirani hunong'ona. Hofu hii ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, na tangu hapo aliyekonda hutiliwa shaka. Lakini unene uliozidi nao una hatari zake, na mojawapo wengi hawaijui: saratani.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja saratani 13 zinazohusiana na unene uliozidi. Miongoni mwake ni saratani ya matiti kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, na saratani ya mfuko wa uzazi.

Sababu yake ni nini? Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu kama mahindi ghalani, yanafanya kazi. Mwanamke akikoma hedhi, ovari zake huacha kutengeneza homoni ya estrojeni kwa wingi, lakini mafuta huendelea kuitengeneza. Yakiwa mengi, homoni nayo huzidi, na huzichochea chembe za matiti na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi zigawanyike. Tena, mwili mnene hauitikii vizuri insulini, homoni inayoratibu sukari. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, nayo huchochea chembe kukua.

Hatusemi kwamba kila mnene ataugua, wala kwamba wembamba wamesalimika. Mgonjwa asilaumiwe.

Tufanye nini basi? Ziwa limetupa sato na dagaa. Tuwapike kwa mafuta kidogo. Mboga za majani ziongezwe, ugali upunguzwe, soda zingoje sikukuu. Kwenye jumuiya twende kwa miguu, si kwa bodaboda.

Na hili tulishike zaidi: mama aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone, asidhani ujana umerudi, wala asinyamaze kwa aibu. Huenda ikawa dalili ya mapema ya saratani ya mfuko wa uzazi, nayo ikiwahiwa hutibika. Aende kituo cha afya; ikibidi atapewa rufaa ya Bugando, ambako saratani hutibiwa. Vivyo hivyo kwa uvimbe kwenye titi, hata usiouma.

Akina baba, mama akiwaambia habari hiyo, msiseme atangoje mavuno. Tafuteni nauli, mwende naye.