Uzi wa Buibui: Cheki Vile Unawaka kwa Jua la Lodwar, Lakini Usiuweke kwa Kidonda

Saa moja asubuhi Lodwar, kabla jua lianze kuchoma, pita karibu na mathenge za kando ya mto Turkwel. Utando wa buibui uko hapo kati ya matawi, unawaka kama waya wa fedha. Songa hatua mbili kando, umepotea. Macho yako hayana shida, msee. Hii ni sayansi, na leo tunakupea stori yote.

Tuanze ndani. Tumboni mwa buibui, uzi si uzi bado. Ni uji mzito wa protini inaitwa spidroini. Buibui akiuvuta nje, uji unapita kwa mrija mwembamba, asidi inapanda, maji yanatoka, na kabla upepese macho umekuwa uzi. Hakuna moto, hakuna kiwanda.

Spidroini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na mbili ndizo zimejaa: alanini na glisini. Mahali alanini zimepanga foleni, minyororo inajibana pamoja na kuwa vipande vidogo vigumu, yaani fuwele. Mahali glisini zimejaa, minyororo imejikunja ovyo na inavutika.

Fikiria vile msee wa boda hufunga gunia la makaa kwa mpira wa tyubu. Mpira unavutika, fundo zinashika. Bila mpira kamba inakatika kwa matuta, bila fundo mzigo unaachwa barabarani. Uzi wa buibui uko na zote mbili, na ndio maana, uzito kwa uzito, unashinda chuma.

Sasa mwanga. Hizo fuwele ni za nanomita chache tu, na wimbi la mwanga tunaoona ni nanomita kama 400 hadi 700. Ni kama lori la chakula la Kakuma likipita juu ya punje ya mchanga: halijui hata limekanyaga kitu. Kwa hivyo mwanga unapita ndani ya uzi bila kutawanyika, na uzi unakuwa safi kama kioo.

Lakini uzi ni duara na ni mwembamba sana, maikromita chache tu, mara kumi na zaidi chini ya unywele wako. Unapinda mwanga na kuurusha mbele. Ndio maana unauona vizuri jua likiwa nyuma ya utando. Mwanga uliopita ndani ukikutana na ule uliopita kando, rangi zingine zinaongezeka na zingine zinafutana. Hapo ndipo unaona zile rangi za upinde wa mvua.

Mambo ni serious mpaka 2013 watafiti wa Ufaransa walipitisha mwanga wa leza ndani ya uzi wa buibui, vile nyaya za intaneti ya faiba hufanya. Na 2012 jumba la makumbusho la V&A, London, lilionyesha joho la uzi wa buibui zaidi ya milioni moja wa Madagaska. Lilikuwa la rangi ya dhahabu, na halikutiwa rangi hata kidogo.

Na yule mwenye mbio hufuata tochi usiku huko Kakuma, mnamkimbia mkipiga nduru? Huyo si buibui wa kweli. Hatengenezi uzi, na hana sumu, ingawa ukimshika atakuuma.

Sasa ngori yenyewe. Kuna watu wakijikata hubandika utando wa ukutani kwa kidonda, wameskia unazuia damu. Wacha. Protini inaweza kuwa safi, lakini utando wa keja umebeba vumbi, mavi ya mjusi na maiti za nzi. Pepopunda haina mchezo. Bana damu kwa kitambaa safi, osha na maji safi na sabuni, kisha enda hospitali uulizie sindano.

Utando uwache dirishani ushike wadudu. Na kesho asubuhi, simama kivulini, jua likiwa nyuma ya utando, ucheki. Jua lenyewe usiliangalie.