Wosia: Matayarisho Kabla ya Kumwona Wakili

Wako wanachama wa vyama vya msingi ambao mashamba yao ya kahawa na migomba yako miteremkoni mwa Mlima Meru, na nyumba zao za kupangisha ziko Levolosi, mjini Arusha. Mwenye mali ya namna hiyo akifariki bila wosia, shamba huweza kudaiwa na ukoo, nyumba ikagombewa na watoto, na mjane akakosa pa kushika. Wosia huepusha sehemu kubwa ya ugomvi huo. Lakini wakili huandika yale tu aliyoelezwa. Kwa hiyo matayarisho hayana budi kuanza nyumbani.

Kwanza, mali iorodheshwe na kutengwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba la ukoo liandikwe mbali na shamba lililonunuliwa, na mali ya mke mbali na ya mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yatambua kuwa mke aweza kumiliki mali yake mwenyewe, na hakuna awezaye kuusia kisicho chake. Mifugo, akiba, hisa na malipo ya kahawa yaliyosalia chamani yaingizwe. Madeni nayo yaandikwe, kwani hulipwa kabla ya urithi kugawanywa.

Pili, hati zikusanywe: hati ya kiwanja au ya mauziano, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitabu cha uanachama. Aliyekwisha kuandikisha mteule wake chamani aangalie kuwa jina hilo halipingani na wosia.

Tatu, wakili aelezwe dini, mila na maisha ya familia, ili apime ni sheria ipi inayohusika. Kwa sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya madeni. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 kwa wilaya nyingi za Tanganyika yataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwenye wosia asiyejua kusoma na kuandika ahitaji wanne. Ni busara anayerithishwa asifanywe shahidi.

Mabinti wasisahauliwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Baba anayetaka binti yake apate sehemu ya shamba ataje sehemu hiyo na mipaka yake waziwazi.

Mwisho, achaguliwe msimamizi mwaminifu, naye aulizwe kwanza kama anakubali. Wosia waweza kuhifadhiwa kwa wakili au RITA, na msimamizi aambiwe ulipo. Akizaliwa mtoto, ikifungwa ndoa, au likinunuliwa shamba jingine, wosia urudishwe kwa wakili ukaangaliwe upya.