Goti Linauma? Usikae Tu!

Ndugu msomaji, je, magoti yako huuma unapoinuka kwenye kigoda? Je, asubuhi hukakamaa, kisha hulegea ukitembea kidogo? Je, mwili wako ni mnene? Basi soma habari hii. Ukimaliza, msomee na jirani yako.

Wengi husema, "Huu ni uzee tu. Nikae nipumzike." Shauri hilo si zuri. Ukikaa siku zote, misuli ya mapaja hulegea. Mwili huzidi kunenepa. Goti nalo huzidi kuuma. Mwisho utashindwa kwenda shamba, na hata kuchuchumaa chooni.

Kwa nini goti huuma?

Kwenye ncha za mifupa ya goti kuna gegedu. Ukila kuku umeliona. Ni kile kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, mwishoni mwa mfupa. Gegedu huzuia mifupa isisuguane. Katika ugonjwa huu gegedu huchakaa, na goti huuma na kuvimba. Umri mkubwa, kuumia goti zamani, kazi nzito za miaka mingi na unene huleta ugonjwa huu.

Unene ni mzigo. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walieleza jambo hili. Mtu mnene akipungua kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Basi ukipungua kilo 5, goti hutua kilo 20. Hilo ni debe zima la maji!

Mwaka 2013 walitoa habari za watu 454 wanene wenye ugonjwa huu. Waliwafuata kwa miezi 18. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi pamoja walipata nafuu kuliko waliofanya jambo moja tu.

Fanya hivi

1. Kaa kitini. Nyosha mguu mmoja mbele. Hesabu mpaka 5. Ushushe polepole. Fanya mara 10, kisha mguu wa pili.

2. Tembea kila siku kwenye njia tambarare. Anza na dakika 10. Ongeza kidogo kidogo.

3. Ukihitaji fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa goti zima.

4. Punguza ugali au wali. Ongeza mboga za majani. Punguza sukari, soda, pombe na vyakula vya kukaanga.

Goti likiuma kidogo wakati wa mazoezi, usiogope. Maumivu yakizidi mpaka kesho yake, punguza mazoezi, lakini usiyaache.

Tahadhari

Usinunue vidonge vya maumivu na kuvimeza kila siku bila ushauri. Vingine huumiza tumbo na figo. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na ukawa na homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Nenda pia ukianguka na kushindwa kukanyaga.

Ndugu msomaji, gegedu lililochakaa halirudi kuwa jipya. Lakini nguvu za mapaja hurudi, hata kwa mzee. Nguvu hizo ndizo zitakazokufikisha shambani. Anza leo jioni: mara 10 kwa kila mguu.