Tazama kazi ya kishazi, si neno linalokianza

Wanafunzi wengi wa sekondari wa Mbeya na Iringa, wakitakiwa kutaja aina za vishazi vya Kiingereza, hutegemea orodha waliyoikariri: when ni ya wakati, where ni ya mahali, that ni ya nomino. Orodha hiyo ndiyo inayowapoteza.

Chukua sentensi tatu. "When the bus reaches Makambako, we will eat." "Nobody knows when the bus leaves Iringa." "1954 was the year when Mkwawa's skull came back to Kalenga." Neno ni lile lile, vishazi ni vya aina tatu. Cha kwanza ni kielezi: kinasema tutakula wakati gani, na ukikiondoa, "we will eat" inajitegemea. Cha pili ni nomino, kwani kimekaa mahali pa yambwa. Weka "it" badala yake uone kama sentensi itayumba. Cha tatu kinavumisha "year", basi ni kivumishi. Kiswahili huvitenga vishazi hivi bila taabu: basi likifika, linaondoka lini, mwaka ambao fuvu lilirudi.

Kinachowasumbua wanafunzi zaidi ni kishazi kisicho na neno la kukitambulisha. "The teacher we met in Mafinga speaks Hehe." Kwa Kiswahili urejeshi lazima usikike: mwalimu tuliyekutana naye. Kiingereza huruhusu "whom" idondoshwe, na mwanafunzi anayewinda maneno ya orodha hapati kitu. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu kwanza vitenzi vinavyobeba wakati. Hapa kuna "met" na "speaks": vitenzi viwili, vishazi viwili. "To eat" na "reaching" usivihesabu; kwa sarufi ya shuleni, hivyo ni virai tu.

Katika vishazi vivumishi, koma nayo ina neno lake. "Lake Ngozi, which lies near Mbeya" hupewa koma kwa kuwa ziwa hilo linajulikana tayari. "The potatoes which come from Mbeya" haipewi, maana unatenga viazi hivyo na vya kwingine, tuseme Njombe.

Walimu wenzangu, mkitunga zoezi, rudieni neno moja katika sentensi tatu kama nilivyofanya hapa, kisha mwulizeni mwanafunzi kila kishazi kinafanya kazi gani kabla hajakitaja jina.